Doa Lililoshinda Thina

Ukimpelekea Fundi Soli kiatu siku hizi, jiandae kuvua na kile kingine. Hagusi uzi wala gundi mpaka umeketi kwenye kigoda chake, umevua na soksi, na umeinua nyayo zote mbili juu kama mtoto anayebadilishwa nepi. Hapo huvaa miwani yake yenye mkono mmoja wa waya, akatazama unyayo wa kushoto, akatazama wa kulia, akachungulia katikati ya vidole na kwenye kucha. Akiridhika husema, "Haya, salama. Sasa nionyeshe kiatu." Wapo waliosusa. Karani mmoja wa benki, mwenye soksi za matundu, alitimka peku na kuacha kiatu nyuma. Fundi hajali. Ana sababu yake, na kwa kuwa sababu yenyewe ni aibu tupu, inafaa kusimuliwa yote.

Bwana huyu ametengeneza viatu miaka thelathini na mmoja katika kibanda kimoja, kati ya duka la vyombo na meza ya kofia. Hana kifaa cha kubania kiatu. Hukaa chini peku, akakibana kiatu kati ya nyayo zake, ule wa kushoto ukibeba mzigo wote, kisha akapiga nyundo bila hata kutazama. Soli zilizopakwa rangi sasa hivi humwachia weusi mguuni kutwa nzima. Jioni huuosha mguu kwa thina ya kuyeyushia rangi, akavaa ndala, akaenda zake nyumbani.

Na mguu huohuo ndio unaoanza dansi. Kila Jumamosi alasiri Fundi Soli na mkewe hucheza katika ukumbi wa mtaa, yeye mfupi, mkewe mrefu, na watu huacha soda zao zipate moto ili wawatazame. Mguu wa kushoto wa Fundi unateleza, unazunguka, mkewe anaudaka mwendo, na hapo hakuna tena mrefu wala mfupi. Walijuana hivyo, wakaoana hivyo, na wakigombana hupatana hivyo.

Basi doa jeusi lilipotokea karibu na kisigino, Fundi hakushtuka hata kidogo. Rangi hiyo. Akalisugua kwa thina, likabaki. Akalisugua kwa petroli, likabaki. Akaona anadharauliwa na rangi yake mwenyewe, akachukua msasa, ule laini wa kumalizia visigino vya viatu vya harusi, akajipiga msasa mguuni. Damu ilitoka. Doa halikutoka.

Mwingine angeingiwa na wasiwasi. Fundi Soli aliingiwa na fahari! Kwani rangi aliyokuwa akitumia siku hizo ilikuwa ya aina mpya, na yeye akawa tangazo lake la kutembea. "Mnataka rangi isiyopauka?" alikuwa akiwauliza wateja, huku akiinua mguu. "Hii hapa! Miezi sita iko mguuni mwangu, naipiga thina, naipiga petroli, na ndiyo kwanza inakolea!" Wateja wakapiga makofi. Biashara ikachangamka.

Aliyeharibu sherehe alikuwa Dada Kofia, mwenye ile meza ya kofia. Dada huyu ana ualbino. Joto liwe la namna gani, utamkuta na mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana kama sinia, na chupa ya losheni ya kukinga jua ambayo hujipaka asubuhi na kurudia kila baada ya saa mbili. Fundi alikuwa hachoki kumtania.

"Mdogo wangu, mbona unajipaka siagi kama mkate?"

"Kaka, wewe mwavuli wako umezaliwa nao ndani ya ngozi. Mimi wangu nanunua."

Siku hiyo alikuja kuomba chenji, akaukuta mguu hewani. Aliutazama muda mrefu mpaka Fundi akaanza kuona haya.

"Kaka, rangi ya viatu huwa haikui."

"Nani kasema imekua?"

"Mimi. Lilikuwa kama punje ya pilipili manga, leo ni kifungo cha shati. Kingo zimechanika, huku jeusi, huku kahawia. Kliniki ninakokaguliwa ngozi kuna picha za madoa kama hilo ukutani. Hiyo inaweza kuwa kansa ya ngozi."

Fundi alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mimi? Hiyo si huletwa na jua? Huko chini jua halijawahi kufika tangu nizaliwe!"

Dada Kofia hakucheka. Aliifunga meza yake, jambo ambalo hata mvua haijawahi kumlazimisha, akampigia simu mke wa Fundi. "Wifi, njoo. Na uje na nguvu." Dakika ishirini baadaye Fundi Soli alikuwa njiani kwenda kliniki, mkewe kamshika mkono huu, Dada Kofia ule, naye akiwasalimia wapita njia kama bwana harusi.

Daktari wa ngozi alikuwa mama mpole mwenye sauti ya kubembelezea watoto.

"Umewahi kulipaka chochote?"

"Thina," Fundi akasema.

Daktari akaacha kuandika.

"Na petroli kidogo."

Akaweka kalamu chini.

"Na msasa. Lakini ule laini!"

Mkewe alimfinya paja, na Fundi akaruka.

Daktari akaeleza taratibu. Kisababishi kikubwa cha saratani ya ngozi ni jua, hasa la miaka mingi na hasa kwa wasio na rangi ya kuwakinga. Ndiyo maana ya kofia, mikono mirefu, losheni na kukaa kivulini saa za mchana. Vipo vidonda na makovu ya moto yasiyopona kwa miaka, navyo huweza kugeuka. Zipo krimu za kujichubua zinazoivua ngozi kinga yake. Lakini ipo na aina inayokaa kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, isiyongoja jua wala kubagua ngozi nyeusi. "Hiyo huchelewa kuonekana," akasema, "kwa sababu nani anatazama unyayo wake?"

"Mimi nilitazama," Fundi akanong'ona. "Nililitangaza."

Doa likakatwa lote, likapelekwa maabara. Majibu baada ya wiki mbili.

Wiki hizo Fundi Soli aliogopa. Aliogopa mpaka nyundo ikawa inampiga kidole. Kufa hakukumkaa akilini, kulikuwa kukubwa mno. Aliogopa kukatwa mguu, na Jumamosi ya kukaa ukutani akitazama wenzake wakizunguka. Kwa hiyo akazidisha mizaha. Nyumbani mkewe naye alicheka kuliko kawaida yake, jambo lililomtisha zaidi. Hakuna aliyeutaja mguu.

Ili ayasikie kwanza yeye, akamdanganya mkewe kwamba majibu ni Ijumaa. Jumatano akachechemea kwenda na Dada Kofia, aliyekuwa na zamu yake ya kukaguliwa.

"Ni saratani," daktari akasema, na Fundi akashika meza. "Lakini ni changa, iko juu juu. Umewahi. Tutaongeza kukata ngozi kidogo kuzunguka pale, halafu tutaweka kiraka cha ngozi ya pajani. Mguu unabaki."

"Kiraka?" Fundi akainua kichwa. "Cha ngozi? Daktari, mnatumia uzi gani?"

Dada Kofia aliangua kicheko, kikageuka kilio, kikarudi kicheko, na kofia ikamdondoka. Fundi akamwokotea, akamvika kwa mikono miwili kama anayemvisha malkia.

Alirudi nyumbani akirukaruka kwa mguu mzima, bendeji ikining'inia. Akasikia redio kabla hajafika mlangoni. Akachungulia.

Mkewe alikuwa katikati ya sebule, meza imesogezwa ukutani, anacheza na fagio. Alilikumbatia kwa upole, akilizungusha, akilingoja, akilibeba palipotakiwa hatua ya pili. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo.

"Unafanya nini, mama watoto?"

Mkewe akaganda. Hakuliachia fagio.

"Najifunza. Huyu naye ana mguu mmoja. Tangu siku ile, kila ukitoka. Nilitaka kujua kama inawezekana."

"Na inawezekana?"

"Inawezekana. Ila lazima nianze mimi."

Fundi Soli, aliyecheka wiki mbili bila kuwa na raha, sasa alilia akiwa na raha tele. Akamwambia yote, majibu, kiraka, na uongo wa Ijumaa. Alipigwa fagio moja la mgongoni kwa ajili ya uongo. Kisha akalichukua, akalisimamisha kwenye kona yake, akalishukuru kwa kushika nafasi, akamfungulia mkewe mikono.

"Leo anza wewe," akasema. "Wa kushoto uko likizo tu."