Jitu Jeupe na Sauti ya Redioni

Duka la kinyozi lilikuwa na viti viwili vya kunyolea, benchi moja la kungojea, na runinga iliyotundikwa juu ya kioo, ili mteja aone gemu na kichwa chake kwa pamoja. Ubaya wake ni kwamba jitu la chuma likiruka, mteja naye huruka, na wapo waliotoka pale na kisogo chenye ngazi. Hawakulalamika sana. Nywele si meno, huota tena.

Mlangoni, kwenye kigoda, alikaa mshona viatu waliyemwita Gundi. Jina alilipata kwa kazi, likamkaa kwa tabia, maana akishika jambo habanduki. Kinyozi ndiye aliyecheza gemu, saa ambazo wateja walikuwa wachache. Gundi hakuwahi kuishika pedi ya kuchezea hata siku moja. Yeye alisimulia, sindano mkononi, kiatu cha mtu mapajani, macho yakipanda na kushuka.

Na msimulizi alihitajika. Gemu lile, la majitu ya chuma yanayoendeshwa na marubani walioketi ndani yake, lilitoka nchi ya mbali. Maandishi yake yalikuwa kama njiti za kiberiti zilizomwagika mezani, na lugha iliyosemwa ndani yake hakuna aliyeielewa mtaa mzima. Lakini Gundi alikuwa ameyatazama matoleo matatu yote hadi mwisho, na sasa walikuwa kwenye la nne, kwa hiyo alizijua desturi za gemu kama mtu anavyozijua tabia za jirani. Kila kazi huanza na sauti ya mwanamke redioni, ikimtuma rubani vitani. Muziki ukikatika ghafla, usifurahi, adui mkubwa yuko nyuma ya ukuta. Ukitaka mzinga mkubwa begani, vua chuma kidogo kifuani, kwa sababu miguu ina kipimo chake cha kubeba, na jitu lililozidiwa uzito hutembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe.

Karibu na mwisho wa kila toleo, ile sauti ya redioni hunyamaza. Halafu linatokea jitu jeupe, jepesi, kali kuliko yote, na halipigiki mpaka kinyozi atokwe jasho. Gundi alikwisha kulieleza jambo hilo zamani. Mwanamke wa redioni ni dada yake rubani. Jitu jeupe limemteka. Tunakwenda kumkomboa.

Mara tatu walimkomboa, na mara tatu benchi zima lilisimama na kupiga makofi.

Toleo la nne lilikuwa na msikilizaji mpya. Alikuwa mchomeleaji wa vyuma, jirani wa kinyozi, ambaye maradhi yalimpofusha macho yote mawili mwaka uliopita. Miezi mingi alilala akitazama ukuta asiouona. Kinyozi alimvuta kwa mkono siku moja, akamketisha kwenye benchi, akamwambia, "Kama ni kulala, njoo ulale hapa kwenye kelele."

Hakulala. Alianza kuuliza maswali. "Hilo bega limeungwa vipi? Kwa bolti au kwa moto?"

"Kwa moto," alijibu Gundi.

"Basi litaachia. Uzito wote huo kwenye kiungo kimoja! Mwambie huyo rubani mafundi wake ni wezi."

Wakacheka. Siku ya tano au ya sita jitu lao lilikatwa mkono wa kulia. Redioni yule mwanamke akasema maneno machache. Gundi, bila kufikiri, akayapa maana: "Dada anasema hivi: kilichokatika ni chuma, rubani. Wewe hujakatika. Rudi gereji, ufungiwe mwingine."

Mchomeleaji akageuza shingo. "Amesemaje?"

Gundi akarudia, safari hii polepole.

Wiki iliyofuata yule bwana alijipeleka kwa fimbo hadi karakana aliyofanyia kazi zamani. Akawaambia wampe mageti yaliyokwisha kuchomelewa. Alipitisha kidole gumba kwenye viungo, akagonga kwa nyundo ndogo, akasikiliza, kisha akasema hapa pazuri, hapa mmenidanganya. Hawakumrudisha nyumbani. Asubuhi akawa anakwenda huko, na alasiri benchini. Kila alipoulizwa amepata wapi nguvu, alijibu, "Dada wa redioni hakubali uvivu."

Gundi alikuwa akisikia hivyo na kuona raha kifuani, kama mtu aliyekaribishwa mahali pazuri.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mkwe wa kinyozi aliporudi, mke wa mwanawe, aliyekuwa amefanya kazi miaka sita kiwandani huko huko gemu lilikotoka. Alileta chakula cha mchana, akaketi benchini kungoja vyombo. Mchomeleaji alikuwa bado hajafika. Redio ya rubani ikalia, Gundi akasimulia, na mkwe akaangua kicheko pasipo na cha kuchekesha.

"Baba mdogo, nisamehe. Hayo hajayasema."

"Amesemaje basi, mwanangu?"

"Amesema, 'Usipoteze risasi. Wewe tunaweza kukununua tena.'" Akatazama tena skrini. "Na huyu si dada wa mtu. Ni mkuu wa kampuni inayowakodi marubani. Huko mchezo huu unajulikana sana. Kila toleo huwa hivyo hivyo. Anakutuma, anakutumia, mwisho anapanda jitu lake mwenyewe kuja kukumaliza."

Kinyozi aliiacha pedi ikamwangukia gotini. "Jitu gani?"

"Si lile jeupe?"

Mteja aliyekuwa na povu nusu kichwa ndiye aliyesema: "Jamani. Kumbe mara tatu tumemuua dada."

Walicheka, lakini Gundi hakucheka. Sindano ilikuwa imeingia kwenye ngozi ya kiatu na hakuitoa. Ilibaki kazi moja kabla ya jitu jeupe kutokea. Angeweza kunyamaza. Mkwe angenyamaza pia, ni mtu wa adabu, na mchomeleaji angemkomboa dada kama wenzake, na kesho yake angekwenda karakana. Nani angeumia? Gundi alilizungusha swali hilo jioni nzima. Kilichomkera ni kwamba kila aliyeketi pale alikuwa na macho ya kuangalia, na akipenda, asiamini. Yule mmoja alikuwa na masikio tu, na hayo alikuwa amemkabidhi yeye.

Siku ya pili akamwambia. Alimngojea barabarani, kabla hajafika dukani, akamshika kiwiko.

"Ndugu yangu, mkwe wa kinyozi amerudi, na lugha ile anaijua. Yule wa redioni si dada. Na yale ya mkono kukatika hakuyasema. Niliyasema mimi."

Mchomeleaji alisimama. "Wewe?"

"Mimi. Sikuijua lugha. Nilikuwa nakisia."

"Nilidhani yamesemwa na mtu aliye vitani," mchomeleaji alisema. "Mtu anayejua kukatwa ni nini. Kumbe ni wewe, umekaa kwenye kigoda na viungo vyako vyote, unanigawia moyo kama unagawa gundi!"

"Sikukusudia..."

"Ndiyo maana inaniuma. Hukukusudia hata kidogo. Ilikutoka tu."

Akageuza fimbo, akarudi alikotoka.

Siku tatu hakuonekana. Kinyozi alirudia kazi za nyuma bila simulizi, na benchi likapooza. "Sema basi hata moja," walimwomba Gundi. "Hata la uongo!" Aliinamia soli za watu. Hakuthubutu kumtuma mtu karakana kuuliza kama yupo, kwa kuogopa jibu.

Siku ya nne fimbo ikagonga kizingiti. Mchomeleaji aliketi mahali pake bila salamu. Kisha akasema, akielekeza uso mlangoni:

"Nimekwenda kazini siku zote tatu. Nilikuwa nangoja asubuhi nitakayoshindwa kuamka, nije nikulaumu mbele za watu. Nikaamka. Nikakasirika kwa sababu nimeamka."

"Nisamehe, kaka," alisema Gundi.

"Subiri kwanza. Nina sharti. Huyo mkwe wa kinyozi aitwe, asome maneno. Yote, hata yakiwa mabaya. Wewe niambie vyuma. Maneno usiyaguse."

Ikawa hivyo. Kinyozi akafunga aproni kiunoni kana kwamba ndiyo itakayopigana. Mkwe alisoma, lakini mzinga na mguu kwake vilikuwa kitu kimoja, kwa hiyo kila alipomaliza, Gundi alidaka: "Rubani ametua upande wa kushoto. Joto limepanda, akifyatua tena atajiunguza. Muziki umekatika... Yuko nyuma ya ukuta."

"Jeupe?"

"Jeupe."

Pigano lilikuwa refu. Mara mbili Gundi alifungua kinywa akataka kumpa mwanamke yule jambo la huruma, na mara mbili alilimeza. Hatimaye jitu jeupe likapiga magoti. Mkwe akasoma taratibu: "'Niliwatuma wengi. Wewe ndiye uliyerudi.'"

Benchi halikupiga makofi. Mchomeleaji aliegemea mbele.

"Gundi. Uso wake ukoje?"

Wote wakamtazama Gundi. Uso angeweza kuutengeneza papo hapo, wa mwanamke aliyechoka, wenye kovu labda, hata machozi. Ulikuwa ulimini tayari.

"Hawauonyeshi," alisema. "Kioo cha mbele kimepasuka, na ndani ni giza tu. Matoleo yote ni hivyo, uso wa rubani hautoki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mchomeleaji akaegemea nyuma. "Na bega lake?"

"Limeachia kiungoni. Mkono unaning'inia."

"Nilijua. Niliusikia tangu ule mruko wa pili." Akaitafuta pedi kwa mkono kwenye goti la kinyozi, akaigusa vitufe, akairudisha. "Kesho wekeni lile la kwanza. Nataka nisikie tulichokuwa tukiambiwa."

Gundi akasogeza kigoda chake, akakiweka karibu na benchi.