Dakika Ishirini za Kagiri

Audrey alichoka na keja yake ya kupanga Soweto West, Kibera, penye maji huja ikijiskia. Lakini kutoka hapo alikuwa anatembea tu hadi job Upper Hill, na supervisor alishamwambia akichelewa tena asirudi.

Akaenda kutafuta ingine Kawangware, na landlord Kagiri akamwonyesha chumba iko na mfereji ndani.

"Na hapa mpaka Upper Hill ni dakika ishirini, madam. Nilipima mwenyewe na gari yangu."

"Ulipima lini?"

"Krismasi, asubuhi."

Krismasi Nairobi yote huwa imeenda ushago, kwao mashambani, barabara inaachiwa mbwa. Audrey akafungua mfereji, akaangalia maji ikitoka, akafunga polepole.

"Na siku zingine, mzee?"

"Siku zingine mimi sitoki. Kuna jam."

Jumatatu Audrey alifika job mapema, kwa miguu kutoka Kibera, ameoga na maji ya kikombe.