Mfalme Akiliwa, Tunaendelea

Mimi niliwahi kuwa bingwa wa chesi Nyakato nzima, na mwenyekiti wa chama cha chesi Nyakato nzima, vyote kwa mpigo mmoja. Ukiniuliza wanachama walikuwa wangapi, nitakwambia walijaa mpaka wengine wakawa wanaangalia wamesimama ziwani, maji shingoni.

Mchezo wenyewe niliuokota Usagara. Roli lilikufa pale njia panda, dereva akawa anasubiri spea, mimi namchotea maji. Upweke ulipomzidi akatoa boksi la chesi, akaanza kunifundisha. Huyu mfalme, huyu malkia, huyu farasi anaruka hivi. Tumefika katikati, spea hiyo! Jamaa akafunga boneti, akaniachia boksi kwa asante, akaondoka na nusu ya somo.

Sasa nusu iliyobaki ningeitoa wapi? Nikaijaza na drafti. Drafti si wote tunaijua, tumezaliwa tunaicheza na vizibo vya soda. Kwa hiyo chesi yetu ikawa na sheria zake. Ukikuta kete ya mwenzio unayoweza kuila, kula ni lazima, utake usitake. Na mfalme akiliwa tunaendelea mpaka kete ya mwisho.

Tulikuwa tunakaa nje ya ukuta wa kiwanda. Miaka ile viwanda vinauzwa, watu wanapunguzwa kazini, mashine zimenyamaza mpaka unasikia panya anakohoa ndani. Wanaume walikuwa wanaamka asubuhi, wanavaa ovaroli la kazi ambayo haipo, wanakuja kwangu. Kama si chesi, wangebaki nyumbani wanagombana na kuku.

Wote tulikalia matofali. Kiti kilikuwa kimoja tu, chenye mgongo, ametuazima mama muuza mihogo, na kinakaliwa na bingwa. Sheria ilikuwa moja: aliyefungwa anainuka, mbele ya watu. Bwana we, kile kiti! Nilikikalia mpaka kikachukua umbo langu. Nyumbani nilikuwa mtu wa kuambiwa "sogea nifagie", lakini pale hata walionizidi umri waliniamkia.

Siku moja akaja fundi cherehani kutoka Magu. Suruali imepigwa pasi mpaka ule mkunjo ungeweza kukata nyanya.

"Shikamoo mwenyekiti. Nasikia hapa mnacheza chesi."

"Marahaba. Hatuchezi, tunachinja. Karibu tofali."

"Mimi nilifundishwa na padri, misheni."

"Basi leo utaungama!" akadakia mmoja. Watu wakacheka mpaka bata wa jirani wakahama.

Tukaanza. Yule fundi hana kelele, hana vitisho, anasogeza tu kama anapima kitambaa. Nikamtegea kete yangu moja, askari. Akamwangalia, akampita!

"Kula!" kundi zima likapiga kelele.

"Sitaki kumla."

"Hapa hakuna kususa chakula!"

"Chesi gani hiyo?" Akasogeza malkia taratibu. "Anyway, imekwisha. Mfalme wako hana pa kwenda."

Nikaangalia. Kweli, hana. Jasho likanitoka la kujaza ndoo. Nikakiona kile kiti kinaondoka chini yangu.

"Mle," nikasema, "tuendelee."

"Tuendelee wapi na mfalme amekufa?"

"Fundi, hiki kiwanda hakina meneja tangu mwaka juzi, na mlinzi bado anakuja kazini. Mle, tuendelee."

"Kweli tupu!" mlinzi akaitikia kule getini.

Akamla, tukaendelea. Kila akitaka kukataa, kundi linamlazimisha. Nikamvuta malkia wake kwa vijiaskari kama mbuzi anayefuata majani, nikamla, nikala na wengine, mpaka ubao ukabaki kama shamba baada ya nzige.

"Umefungwa, fundi!"

"Nimefungwaje? Mimi nimeshinda zamani! Yeye ndiye ainuke!"

Hapo chama kikapasuka. Wale niliowahi kuwainua wote wakahamia upande wa Magu palepale. "Ainuke! Ainuke!" Wengine: "Hainuki mtu! Mwenyekiti aamue!"

Na mwenyekiti ni nani? Ni mimi. Nikakohoa kama waziri, nikaweka mguu juu ya mguu. Ndio nafungua mdomo, nikaguswa begani.

"Baba, inuka," akasema mama muuza mihogo. Karai lake lilikuwa tupu, kanga ameshajifunga. "Mihogo imeisha, naenda zangu."

Ukiambiwa na mama wa watu uinuke kwenye kiti chake, unafanya nini? Nikainuka.

"Ameinukaaa!"

Kelele zile, naapa, zilifika Magu kabla ya fundi mwenyewe. Wakambeba juu, yule bingwa mpya, huku kiti chake kinashuka barabarani kichwani kwa mama, miguu juu.

Walipomshusha, akaja kukaa tofali la pembeni yangu. Akaanza kupanga kete upya, pamoja na kizibo cha soda tulichokifanya farasi baada ya mmoja wa boksini kupotea.

"Mwenyekiti," akasema, "hebu nielekeze ile ya kula lazima. Hii ya padri inaisha mapema mno, na mimi Magu sina haraka ya kurudi."

Nikamwelekeza. Mfalme wangu alikufa mapema sana siku ile, na wala hatukumsimamishia mchezo.