Frigo ilikaa kiti cha mbele, mke wangu akahamia Misisi

Wakuu, habari za huko mliko.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Kama humu kuna mtu wa Misisi atawathibitishia, maana nusu ya mtaa ule ilinisukuma.

Naishi Baraka. Nina pickup ya zamani, diesel, gia za mkono, viti viwili mbele na nyuma wazi kwa ajili ya mizigo. Nabeba mihogo, mbao, chochote kinacholipa mafuta.

Sasa mwaka huu nikapata frigo ndogo ya gari. Ile ya kuchomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara. Ina kioo kinachoonyesha nyuzi za baridi, ina taa ya bluu. Nyumbani kwetu umeme hakuna, kwa hiyo jioni nilikuwa naenda kukaa ndani ya gari, peke yangu, nakunywa soda baridi kama waziri. Nilikuwa na furaha isiyo na maelezo.

Shida ilikuwa waya. Waya wake ni mfupi. Ukiiweka nyuma haufiki. Nilijaribu kuunga na waya mwembamba wa redio, frigo ikawa inajizima kila baada ya muda. Umeme unapungua njiani, yenyewe inadhani betri imechoka.

Basi nikaiweka kiti cha mbele. Na kwa sababu barabara zetu mnazijua, nikaifunga mkanda.

Siku moja tukaenda Lweba kuchukua mihogo, mimi na mke wangu Furaha. Asubuhi akafungua mlango wa mbele, akaiona frigo imekaa, imefunga mkanda. Akaniangalia. Mimi, kwa akili zangu zote, nikamwambia nyuma kuna upepo mzuri.

Alipanda nyuma. Wakati wa kurudi alikaa juu ya mifuko. Tulipoingia Baraka alikuwa mweupe kwa vumbi hadi kope, na watu wa soko wanampungia mkono. Mimi mbele nasikiliza redio na frigo.

Kesho yake alipakia begi, akapanda moto, yaani pikipiki, akaenda kwa wazazi wake Misisi.

Wakuu, mwanzoni nilisema atarudi tu. Nyumba ikawa kimya. Nikawa nakula ugali wa kuungua. Nikipiga simu anapokea dada yake, anasema Furaha yuko mtoni. Haiwezekani mtu awe mtoni asubuhi, mchana na jioni. Hapo nikaogopa kweli, kwa sababu nampenda yule mwanamke na nilianza kuona kwamba hatarudi.

Kwetu mke akienda kwao, unamfuata. Unakaa mbele ya wazee, unasikiliza makosa yako, na huendi mikono mitupu. Nikawaza, Misisi ni watu wa dhahabu, samaki wanaowafikia ni wa kukaushwa. Nikiwapelekea kuhe mbichi kutoka ziwani, bado wa baridi, nani atanikatalia?

Ndiyo. Nilienda kumfuata mke wangu na ile ile frigo iliyomfukuza. Na bado ilikuwa kiti cha mbele.

Nikanunua kuhe wakubwa kwa wavuvi wa Swima, nikawapanga. Ili frigo isijizime njiani, niliingia kwenye mipangilio yake nikashusha ulinzi wa betri, ule unaoizima betri ikipungua, hadi chini kabisa. Wajuzi mmeshaanza kucheka, subirini.

Safari ilikwenda vizuri, injini inaunguruma, betri inachaji, kioo kinaonyesha baridi safi. Nikafika jioni, nikaegesha uwanjani kwa wakwe. Nilitaka kuacha injini iendelee kidogo kwa ajili ya samaki. Baba mkwe akatoka, akasimama.

"Mukwe, unakuya kutusalimia ao unapita tu? Zima moteri kwanza."

Kumwamkia mkwe huku gari linanguruma ni dharau. Nikazima. Frigo nikaiacha kwenye betri, soketi yangu inabaki na umeme hata ukitoa ufunguo. Fundi aliifunga hivyo kwa ombi langu mwenyewe.

Zawadi sikuweza kuitoa. Zawadi hutoka maneno yakiisha, ukiitanguliza wanasema unanunua kesi. Na maneno yalikuwa ya kesho, mpaka baba mdogo wa Furaha atoke kwenye mashimo ya dhahabu. Furaha mwenyewe alipita na ndoo, akanisalimia kama anasalimia mpita njia.

Ndipo shemeji yangu mkubwa akaona inveta niliyofunga kwenye betri, kile kifaa cha kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani.

"Shemeji, tunaweza kuchajia telefone kidogo?"

Ukweni neno hapana halipo. Nikasema chajini tu. Akaleta yake, akaleta ya jirani, jirani akaleta za shimo zima. Mtu mmoja akaleta na spika ya kanisa. Mimi nimekaa kwenye kiti nagawa umeme, najisikia mkubwa.

Asubuhi wazee wakakaa. Furaha akaulizwa aeleze.

"Mi sikupigwa, sikutukanwa," akasema. "Tulienda Lweba. Frigo ikakaa mbele na ceinture, na mukanda yake. Mi nikakaa nyuma na mihogo. Basi, njo hivyo."

Baba mdogo akauliza kama nyumbani kuna courant, yaani umeme. Nikasema hakuna. Akauliza frigo ni ya nini. Niliomba msamaha, na niliomba kweli.

Baba mkwe akasema, "Sisi tumesikia. Kurudia ao kubakia, Furaha njo atasema."

Furaha akasema atafikiria.

Nikaenda kutoa samaki. Kufungua mlango wa gari, kimya. Taa ya bluu hakuna, kioo cheusi. Nikainua kifuniko huku nimeziba pumzi, nikijua nimeleta uvundo kwa wakwe.

Samaki walikuwa baridi kabisa. Frigo ikijaa vitu vilivyokwisha poa na usipoifungua ovyo, inashika baridi muda mrefu bila umeme wowote. Kumbe ningeweza kuichomoa tangu jana na kulala usingizi.

Samaki wakasifiwa, wakaliwa. Furaha bado hakusema kitu. Nikaona nisilazimishe, nikaaga, nikazungusha ufunguo.

Tk.

Nikazungusha tena. Hata tk haikuja. Shemeji akasema twende tusukume, na simu zikiwa zimejaa vizuri mifukoni, mtaa mzima ukaja.

Sasa muelewe. Kwetu mama mkwe unamsalimia kwa mbali, macho chini. Humkaribii, hukai naye jamvi moja, kitu chako hakigusi ovyo. Mimi nimeweka gia ya pili, nimekanyaga klachi, naangalia kioo cha pembeni. Katikati ya wanaume naona kitenge. Mama mkwe amepiga mgongo kwenye gari langu, anasukuma, anasema kwa sauti, "Sukumeni basi, huyu mutoto arudi kwake."

Nilitamani kuzikwa pale pale na gari langu.

Nikaachia klachi, gari likakohoa, likashika. Na hapo nikasikia kicheko ninachokijua. Furaha amejishika mbavu mlangoni, analia kwa kucheka. Tangu Lweba sijasikia kicheko kile. Mimi machozi yalinitoka pia, ila yangu hayakuwa ya kucheka tu.

Akaingia ndani. Nikakaa injini inanguruma tu, siwezi kuzima, siwezi kushuka. Akatoka na begi. Akafungua mlango wa mbele, akafungua ule mkanda, akaibeba frigo mpaka kwa mama yake.

"Mama, bakia nayo hii. Mi naenda na kiti yangu."

Akakaa, akafunga mkanda. Tulipofika Fizi akaniuliza kama kuna upepo mzuri.

Frigo iko Misisi hadi leo. Mama mkwe hana umeme, anawekea unga, anasema panya hawaingii. Ni matumizi bora kuliko yangu yote.

Nilichojifunza: gari likizimwa, chomoa. Ule ulinzi wa betri usiuguse. Waya mwembamba utakudanganya. Na kabla hujaleta kitu ndani ya gari, angalia kwanza kitamnyanyua nani.

Wenye uzoefu wa betri ya pili na waya mnene wa kufika nyuma, nishaurini. Wa kunicheka nanyi karibuni, nimezoea. Ila mtu asiniambie nirudishe kitu chochote kiti cha mbele. Kile kina mwenyewe.