Chetezo Kilichong'arishwa

Katika nyumba niliyokuwa dereva wake, huku Umm Salal, nchi ya Waarabu, palikuwa na vyetezo viwili. Kimoja kilikuwa cha kazi: baada ya kahawa kilizungushwa majlisi, chumba cha wageni, na kila mgeni akakivuta karibu apate moshi wa udi nguoni. Cha pili hakikutiwa kaa la moto hata mara moja. Kilikaa peke yake kwenye rafu ya sebule, kazi ya kale ya Kijapani, cha shaba: tumbo la mviringo, miguu mitatu, kifuniko chenye matundu ya umbo la maua, na juu yake simba mdogo aliyegeuza shingo kana kwamba ameitwa. Rangi yake ilikuwa ya tende iliyoiva sana, na penye mikunjo ikaelekea kijani. Marehemu mwenye nyumba alikinunua safarini, enzi za ujana. Mjane wake, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa akimgusa yule simba kichwani kila alipopita.

Nilisoma historia chuo kikuu, kisha nikaishia kushika usukani. Sioni haja ya kulipamba jambo hilo. Aliyetunza nyumba alikuwa mwanamke wa Tanga aliyenizidi umri. Nilimwita dada. Yeye aliniita Bwana Digrii, ila akitaka kitu nikawa mdogo wake. Kibali chake cha ukaazi kilikaribia kwisha, na kukihuisha kulikuwa mkononi mwa mtoto mkubwa wa Mama. Binti wa dada alikuwa bado katikati ya masomo ya uuguzi, akimtegemea yeye tu. Hakuzungumza lingine mwezi ule.

Idi ilipokaribia, aliniita jikoni.

"Mdogo wangu, njoo uone kazi."

Chetezo cha Kijapani kilikuwa juu ya gazeti, kando yake maganda ya ndimu na bakuli la majivu. Kilikuwa cha manjano, kama sufuria iliyotoka dukani. Simba aling'aa hata macho yake yakapotea.

"Umefanya nini, dada?"

"Wageni wanakuja. Chetezo kimeota weusi miaka nenda miaka rudi, watu wanapita tu. Kwetu ukikutwa na chetezo cheusi siku ya Idi, mawifi watakusema mpaka Maulidi ya Mfungo Sita."

Alisema kweli. Mama yangu mzazi naye alikuwa akisugua chake kwa ndimu, majivu na kumbi la nazi, na sisi watoto tukiziona sura zetu ubavuni mwake. Chetezo safi ndiyo heshima ya mgeni. Nani kati yetu alilelewa kuheshimu shaba kwa weusi wake? Nilimweleza kwamba weusi ule haukuwa uchafu, kwamba mafundi waliipika rangi ile juu ya shaba makusudi, na miaka ikaimalizia.

"Basi tukipake masizi."

"Hayatashika."

"Mafuta ya nazi je?"

Nikatikisa kichwa. Akaketi taratibu juu ya ndoo iliyofunikwa, brashi ingali mkononi.

Mama aliingia, akasimama. Kiarabu changu ndicho kilichowaunganisha wale wawili.

"Mwambie airudishe rangi," alisema.

Nikatafsiri.

"Mwambie nitafanya lolote. Anielekeze tu inarudishwaje."

Nikatafsiri hilo pia. Mama akanitazama, na dada akanitazama, kila mmoja akidhani jibu limekwama kwangu.

Baada ya Idi nilikuwa nikimpeleka Mama kwa dada yake anayekaa Al Wukair, nikapata ujasiri wa kumwombea mwenzangu kibali kihuishwe.

"Najua hakukusudia ubaya. Moyo wake ni safi. Lakini nikiingia sebuleni namwona yeye, simwoni mume wangu. Nifanye nini, mwanangu?"

Hakuwa akibishana nami. Aliuliza kwa dhati. Nikaendelea kuendesha gari.

Kibali hakikuhuishwa. Hakuna aliyemfokea dada; Mama alimpa vitambaa na manukato ya kumpelekea binti, na mtoto mkubwa akamtakia safari njema. Laiti mmoja wao angekuwa mkatili, ningepata wa kumchukia. Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege.

Njiani nilimuuliza kuhusu masomo ya binti.

"Hajui bado kwamba narudi. Nitamwambia nikifika." Akanigeukia. "Bwana Digrii, usinifiche. Kiling'aa, hakikung'aa?"

"Kiling'aa, dada."

"Haya," alisema, akauweka mkoba wake vizuri mapajani.