Binamu wa Mfalme na Lifti ya Anti Sahra

Anti Sahra haamini kitu kinachopakwa rangi ghafla. Alizaliwa Garissa, na huko alijua waziri anakuja mawe ya barabarani yakishapakwa chokaa. Akaishi Rotterdam, akajua Kiholanzi, kisha akahamia Ladywood, mtaa wa Birmingham, Uingereza, anakotunza wazee wa watu mchana na mama yake jioni. Wanaishi ghorofa ya kumi. Lifti ilikufa kabla ya Ramadhani, na Hooyo, yaani mama yake, hakukanyaga nje tena.

Basi tukaambiwa binamu wa mfalme wa Uholanzi angezuru jengo letu. Si mfalme, binamu. Serikali ya Uholanzi na ya Uingereza zilikuwa zimenuniana, na majirani wa Ulaya wakikosana hutumiana watu wa kifalme wakacheke mbele ya kamera. Wiki hiyo hiyo lifti ikafufuka. Sahra akamkagua fundi, Rupesh, kama samaki wa jana, akamuuliza itadumu mpaka lini. Rupesh akakuna shingo. Akakiri kwamba wenye jengo walimwagiza aizime wageni wakiondoka, mpaka bajeti ipatikane.

Binamu akaja, akapanda hadi kwa Hooyo, akasalimiwa na Sahra kwa Kiholanzi, akanywa chai ya tangawizi, akapigwa picha kama bibi harusi. Alipoaga, Hooyo akaamuru kiti chake cha magurudumu kisukumwe: amsindikize mgeni hadi garini. Sahra akamnong'oneza kwamba akishuka, huenda asipate njia ya kurudi.

"Mgeni hatoki kwangu peke yake kama mwizi," Hooyo akasema. "Hata kama ametumwa."

Wakashuka. Hooyo akasukumwa nje na majirani, akapunga mkono mpaka gari la mwisho likapotea. Sahra hakutoka. Alikuwa ameshuka na kiti cha jikoni, akakitia katikati ya mlango wa lifti, akakikalia. Rupesh akamzunguka, ufunguo wa kuzimia lifti mkononi, asijue aanzie wapi.

Hooyo aliporudi akamwona yule fundi amesimama tu. Akauliza kama amekula. Hakuna aliyekuwa amemkumbuka. Basi akapandishwa juu nao, akala sambusa walizoandaliwa watu wa kifalme, akaongezwa, akaaga.

"Sukuma kiti," Hooyo akamwambia Sahra. "Tumsindikize."

Chini, Hooyo akamshikisha Rupesh sambusa zilizobaki, akangoja kumpungia. Rupesh akautazama ufunguo, akamtazama bibi kwenye magurudumu, ghorofa kumi kutoka kitandani kwake. Akautia mfukoni, akaenda zake.

Lifti inafanya kazi hadi leo. Sahra haiamini. Akishuka dukani, hushuka na kile kiti cha jikoni.