Sauti ya Tamra

Miaka thelathini na minne Verlene Huffstetler aliendesha mitambo ya kufuma katika kiwanda cha nguo huko Carolina, Marekani, na kelele zake zikamla masikio taratibu bila mwenyewe kushtuka. Mle ndani hakuna aliyemsikia mwenzake. Wafumaji walisomana midomo, wakapiga umbea wao wakiwa wametengana hatua ishirini bila kutoa sauti. Hata kiwanda kilipofungwa, Verlene aliweza kunasa maneno ya mtu aliye ng'ambo ya barabara. Tamra, binti yake wa pekee, alikua akilijua hilo. Ukitaka kumficha mama jambo, unampa mgongo.

Kwa hiyo vifaa vya kusikia alivikataa miaka kumi na mmoja. "Hivyo ni vya wazee," alisema, naye ana sabini na minane. Kilichomvunja kiburi ni kwamba sauti ya mwanawe ilikuwa imemtoka kichwani kabisa. Akaenda kuvichukua kimyakimya, akajizoeza majuma matatu peke yake, akisoma Zaburi kwa sauti, akishangaa jinsi friji lake linavyonguruma. Hakumwambia mtu. Alitaka kumshtukiza Tamra Jumapili, baada ya kanisa.

Jumapili hiyo akavifunika kwa nywele, akapika kuku na madonge ya unga, akangoja mezani. Tamra aliingia na mumewe, Doyle, akambusu mama yake shavuni, kisha akaenda kwenye sinki kuosha kabichi. Akampa mgongo.

"Umeshamwambia?" Doyle aliuliza, naye kageukia dirishani.

"Nimwambie ili iweje? Karatasi alishasaini, wala hakuzisoma. Wenye nyumba wapya wanaingia tarehe moja."

"Na yeye?"

"Kule kwenye makao ya wazee wamepata kitanda. Wiki ya kwanza atalia, ya pili atazoea. Mimi nimechoka, Doyle. Kukaa na mama ni sawa na kukaa na kabati."

Ilikuwa sauti nzuri, nzito kidogo, kama ya marehemu baba yake Tamra. Verlene aliipata yote, neno kwa neno, na ilimuuma kuliko alivyowahi kuumwa na kitu. Zile karatasi alizikumbuka. Tamra alimwambia ni za bima.

Tamra akajifuta mikono, akageuka, akatabasamu. Akafungua midomo polepole, wazi kabisa, kama alivyozoea miaka yote: *Nakupenda, Mama.*

Verlene akatega masikio. Alisikia friji tu.

Akainua nywele, akakichomoa kifaa kimoja, kisha cha pili, akaviweka kwenye sahani ya Tamra. Rangi ikamtoka binti. Sasa alikuwa akisema kwa sauti, akisema mengi, mikono yote miwili hewani.

Verlene akafumba macho.